Kubadilisha pikapu ya gitaa la umeme, kwa sisi tunaoishi na chumvi ya bahari

Alikuja kwangu Mlandege asubuhi, katoka bandarini moja kwa moja, gitaa mgongoni ndani ya mkoba wa kanga alioushona mwenyewe. Binti wa Wete, mpiga gitaa la solo katika kikundi cha taarab cha kwao.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Za Pemba?"

"Njema. Ami, pikapu imekufa. Ile ya karibu na daraja. Nimekuja na nyengine."

Daraja ni kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Akanifungulia kiganja. Ndani ya kikasha kidogo ilikuwamo pikapu mpya aliyoagiziwa kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Alitaka nilehemu haraka ili awahi boti ya kurudi. Nikamwambia akae chini kwanza, tupime. Hayo tuliyoyafanya siku ile nayaandika hapa kwa mpangilio tulioufuata, kwa sababu wapiga gitaa wengi wa visiwani wananiuliza jambo hilihili, na wengi wao wana pasi ya kulehemu nyumbani lakini wanaogopa kufungua.

Pikapu ni kitu sahili. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu, na uzi wa chuma unapotikisika juu yake umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya huo uliozungushwa, ndiyo tunayoiita koili. Hakina sehemu inayosogea wala kinachochakaa kwa kupigwa. Kwa hiyo mtu akiniambia pikapu imekufa, siamini mpaka nipime. Katika magitaa yote yaliyoletwa kwangu kwa ugonjwa huo, mengi kabisa pikapu zilikuwa hai. Kilichokufa ni jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, au swichi ya kuchagulia pikapu, au kiungo cha ethi, ile njia ya umeme kurudia, kilicholiwa na kutu ya kijani. Hewa yetu ina chumvi, na shaba na chumvi hazipatani.

Kupima hakuhitaji kufungua kitu. Chomeka waya kwenye gitaa, ile ncha ya pili usiichomeke kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Fungua sauti yote. Weka mita ya kupimia umeme kwenye omu 20,000 (omu ni kipimo cha ukinzani), kisha gusisha mshipi mmoja wa mita kwenye ncha ya plagi na wa pili kwenye mwili wa plagi. Pikapu ya koili moja iliyo nzima itasoma kati ya omu 5,000 na 7,000 hivi. Ikisoma sifuri, na sauti imefunguliwa yote, kuna mahali nyaya zimegusana. Isiposoma kabisa, kuna mahali njia imekatika. Na namba ikicheza ukitikisa plagi, usiendelee kutafuta, jeki hiyo ndiyo mgonjwa.

Ya binti wa Wete haikusoma. Lakini nilipoisukuma swichi kwa kidole upande mmoja, mita ikaonesha 6,000 na ushei. Nikaachia, ikapotea. Pikapu ilikuwa hai siku zote, swichi ndiyo iliyoota kutu kwenye meno yake. Nikapulizia dawa ya kusafishia swichi, nikaichezesha mbele na nyuma mara thelathini, na gitaa likafufuka.

Akanyamaza kidogo. "Basi ami, nimekuja bure na pikapu yangu?"

Hakuja bure. Nilipomuuliza kwa nini alichagua pikapu ya aina ile, ndipo akanieleza shida yake hasa. Kwenye maharusi, mwimbaji anapomaliza ubeti na ala zote zikatulia kungoja, gitaa lake peke yake linavuma. Watu wamepanda kutunza, mwimbaji kasimama, na uvumi wa spika umewatawala. Mimi nimepiga gitaa la taarab miaka mingi, na najua uchungu wa jambo hilo. Kimya kile kabla ya kiitikio ni sehemu ya wimbo, na mtunzi alikiweka pale kwa makusudi. Gitaa linalovuma linamwibia mwimbaji nafasi yake.

Lakini uvumi nao una aina zake, na si kila uvumi dawa yake ni pikapu. Washa ampu, shika gitaa, kisha geuka polepole mahali ulipo kama mtu anayetafuta kibla. Uvumi ukipungua ukielekea upande mmoja na kuzidi ukielekea mwengine, basi koili inanasa sumaku ya umeme wa taa na transfoma zilizo karibu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na koili moja huusikia kama inavyousikia uzi. Hiyo ndiyo aina ambayo dawa yake ni pikapu ya koili mbili. Ukishika nyuzi kwa mkono na uvumi ukapungua sana, shida kubwa ni kinga hafifu ndani ya gitaa. Ukishika nyuzi na uvumi ukazidi, kiungo cha ethi kimeachia au nyaya za jeki zimegeuzwa; rekebisha hapo kabla ya kununua chochote.

La binti lilibadilika kwa kugeuka. Basi tukafanya kazi.

Pikapu aliyokuja nayo ni hambaka ndogo, yaani ya koili mbili, lakini yenye umbo la koili moja ili iingie kwenye tundu lilelile bila kuchonga mbao. Gitaa lake ni la muundo wa Stratocaster, ule uliotolewa na kampuni ya Fender mwaka 1954, wenye koili moja moja tatu. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson, aliyeomba hataza yake 1955. Wazo lake ni la werevu mtupu: koili mbili zinazopishana mzunguko, na sumaku zao pia zinapishana. Uvumi unaotoka nje unaingia koili zote mbili kwa namna moja, lakini kwa kuwa moja imegeuzwa, unajifuta wenyewe. Mtikisiko wa uzi unageuzwa mara mbili, kwa mzunguko na kwa sumaku, kwa hiyo unajumlika.

Koili mbili zina ncha nne, na ndiyo maana hambaka mpya inakuja na nyaya nne za rangi pamoja na waya mmoja mtupu usio na ganda. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Rangi hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio wa sauti, mwekundu na mweupe wanaunganishwa wao kwa wao na kuzibwa, kijani na ule mtupu wanakwenda ethi. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe wanaunganishwa, kijani na mtupu ethi. Ukichukua mpango wa mmoja ukautia kwenye pikapu ya mwengine, utapata gitaa bubu au lenye sauti ya puani, na utailaumu pikapu isiyo na kosa. Karatasi ya ndani ya kikasha usiitupe. Kama haipo, pima kwa mita: nyaya mbili zinazosoma omu baina yao ni za koili moja.

Sasa vifaa. Pasi ya kulehemu ya wati 40 inatosha. Bisibisi mbili, koleo ndogo ya kukatia, msasa laini, spiriti, mswaki uliochakaa, mpira mwembamba wa kubana kwa joto au tepu ya umeme, na risasi ya kulehemia ya vifaa vya umeme, ile yenye ulimbo ndani, unene wa milimita moja au chini yake.

Kwenye risasi nina neno zaidi. Kulehemu nimefundishwa na ami yangu, fundi bati, aliyekuwa akitengeneza vibatari, mikebe na mirija ya mapaa. Pasi yake ilikuwa kipande cha shaba chenye mpini wa mti, ikipashwa kwenye seredani. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara, nililehemu magitaa mawili kwa pasi ile, kwa mkaa. Ami alinipa kanuni ambayo sijaiacha: "Pasha bati, lihamu litafuata lenyewe." Yaani usiyeyushe risasi kwenye ncha ya pasi ukaipaka kama siagi. Weka pasi kwenye chuma unachotaka kuunganisha, kipashe, kisha gusisha risasi kwenye chuma chenyewe. Ikitiririka na kung'ara, kiungo kimeshika. Ikikaa kama tone la ubani juu ya chuma, haijashika hata kama inaonekana imeshika.

Lakini ami alitumia tindikali kusafishia bati kabla ya kulehemu, nami gitaa langu la kwanza nililitia tindikali ileile. Halikufika mwaka. Nilipofungua nilikuta waya umegeuka unga wa kijani ndani ya ganda lake. Kwa bati la kibatari tindikali inafaa kwa sababu unaosha kwa maji baadaye. Gitaa hulioshi kwa maji. Risasi ya mabomba na dawa yake pia usiisogeze karibu.

Legeza nyuzi, au zitoe kabisa kama zimeshaota kutu. Funika mwili wa gitaa kwa kitambaa, kwa sababu tone moja la risasi ya moto linaacha kovu la kudumu kwenye rangi. Ondoa skurubu za kibao cha mbele, kwa kawaida 11, na zitie kwenye kikombe. Kinyanyue kibao taratibu upande wa nyuzi nene, nyaya bado zimeshika.

Hapo piga picha kwa simu, kisha chukua karatasi uchore. Binti aliniambia picha inatosha. Nikamwambia picha inaona kila kitu, lakini mkono unaochora unalazimika kuuliza kila waya unakwenda wapi. Alipochora, mwenyewe akagundua kitu ambacho kwenye picha alikipita: pikapu ya daraja haikuwa na waya wowote wa kwenda kwenye potensiomita za toni, vile vitufe vya kuzungusha. Ndivyo Stratocaster nyingi zilivyo tangu asili, si kosa la fundi. Njia ya sauti ni hii: pikapu inaingia kwenye mguu wake wa swichi, swichi inatoa kwenye mguu wa pembeni wa potensiomita ya sauti, mguu wa kati unakwenda kwenye ncha ya jeki. Mguu wa tatu umekunjwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa potensiomita hiyohiyo, na mgongo huo ndio baraza ya ethi zote.

Kabla ya kukata waya wa zamani, linganisha mwelekeo. Pikapu mbili zikisukuma pamoja katika vituo vya kati vya swichi, lazima zisukume upande mmoja. Zikipingana, sauti inakonda na kupungua, kama mtu anayezungumza kajiziba pua. Mimi natumia mita ya mshale, kwenye volti ndogo kabisa za DC. Unganisha mita na pikapu, mshipi mwekundu kwenye waya wa sauti na mweusi kwenye ethi, weka bisibisi ya chuma juu ya koili, kisha ivute ghafla. Mshale utaruka kidogo, ama kulia ama kushoto. Fanya hivyo kwa pikapu ya kati na ya shingo, kisha kwa mpya. Mpya ikiruka kinyume, badilisha waya wa sauti na wa ethi wa pikapu ile. Kwa hambaka ya Seymour Duncan itakuwa kijani kwenye swichi na mweusi kwenye ethi. Ule mtupu usiuhamishe, unabaki ethi daima, kwa sababu umeshikana na kinga ya waya. Ya binti iliruka kulia kama ndugu zake, tukaendelea.

Yeyusha kiungo cha waya wa zamani uutoe, usiukate, ili pikapu ya zamani ibaki na urefu wake. Mgongo wa potensiomita ni mkaidi. Ni chuma kikubwa, kinanyonya joto, na kwetu huwa na ukungu wa kutu. Ukwangue kwa msasa mpaka ung'are, sehemu ndogo tu ya ukubwa wa punje ya mahindi, ufute kwa spiriti, kisha weka pasi iliyopata moto kamili, ncha ilale bapa, sekunde nne au tano. Tia risasi, ondoa pasi, usitikise waya mpaka risasi iwe ngumu. Ukiona sekunde kumi zimepita bado haijatiririka, acha ipoe, kwangua tena. Ukiendelea kuchoma, utaunguza njia ya kaboni ndani ya potensiomita, na kuanzia hapo sauti itakwaruza. Miguu ya swichi ni midogo, sekunde mbili zinatosha, kwa sababu ina plastiki karibu.

Zile nyaya mbili zinazounganishwa wao kwa wao, zisokote, zilehemu, zivalishe mpira wa kubana. Tepu peke yake inafaa kwa muda, lakini kwa joto letu gundi yake inalainika na kuteleza, na siku itakapogusa ethi koili moja itanyamaza.

Watu huniuliza kama lazima kubadilisha na potensiomita. Koili moja huwekewa omu 250,000, hambaka 500,000. Potensiomita ni kama mlango mdogo ambao sauti kali za juu zinavujia kwenda ethi, na kadiri omu zake zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyovuja zaidi. Kwenye gitaa lililochanganya aina mbili, kama hili, mimi naacha 250,000. Hambaka inapoteza ukali kidogo, na kwa taarab hilo ni jema, kwa sababu gitaa linakaa chini ya fidla badala ya kushindana nazo. Mpiga roki atachagua vyengine, na atakuwa na haki.

Maadam kibao kimefunguka, tukakipaka gundi nyuma na kukibandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni kwa ajili ya kinga. Aluminiamu haishiki risasi, kwa hiyo inapata ethi kwa kubanwa na miili ya potensiomita zinapokazwa. Hakikisha haigusi mguu wowote wa swichi wala wa potensiomita. Mahali penye wasiwasi bandika tepu.

Kuna waya mmoja unaotoka kwenye springi za daraja, nyuma ya gitaa, mpaka mgongo wa potensiomita ya sauti. Huo unazitia nyuzi ethi. Nimeona mtu kaukata kwa sababu alikuwa akipigwa na umeme mdomoni akisogelea maikrofoni. Gitaa lenyewe haliwezi kumpiga mtu, umeme wa pikapu ni mdogo mno. Ukipigwa, umeme unatoka kwenye ampu au mikisa iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi, au jenereta ya ukumbi. Simamisha upigaji, toa plagi, mwite fundi umeme apime ukumbi. Nakuomba sana usilichukulie jambo hili kuwa dogo, watu hufa kwa hilo. Na ndani ya ampu usiingie kwa kufuata maelezo haya, kapasita zake zinahifadhi umeme hata baada ya kuzimwa.

Kabla ya kurudisha skurubu, pima tena kwa plagi kama mwanzo. Hambaka ya binti peke yake ilisoma omu 16,000. Kupitia jeki ilisoma 15,000, kwa sababu potensiomita imekaa sambamba nayo, na hilo ni sawa. Swichi ikiwekwa kituo cha daraja na kati pamoja, ilisoma 4,300 hivi, chini ya kila moja peke yake. Ndivyo inavyotakiwa pikapu mbili zikiwa sambamba. Funga sauti yote, mita ishuke sifuri. Kisha washa ampu kwa sauti ndogo na uguse kila pikapu kwa bisibisi, usikie "tk" kwenye kila kituo cha swichi.

Baada ya kufunga na kutia nyuzi, rekebisha kimo. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, yaani ule mstari wa chuma wa mwisho shingoni, pima nafasi kati ya uzi na pikapu: karibu milimita 3 upande wa nyuzi nene, 2 hadi 2.5 upande wa nyembamba. Usiikaribishe mno kwa tamaa ya sauti kubwa. Sumaku za koili moja za shingo na kati zinavuta uzi, noti inayumba, na mwimbaji atahisi gitaa liko nje ya sauti ingawa umelitia sawa. Mimi huanza chini, napandisha robo mzunguko kila mara, nikisikiliza mpaka pikapu tatu zilingane.

Jioni binti alipiga chini ya taa yangu ya neli, ile inayosumbua kila gitaa. Akageuka pande zote nne. Kwenye kituo cha daraja kulikuwa kimya. Kwenye vituo vyenye koili moja uvumi mdogo ulibaki, na nilimwambia mapema utabaki, kwa hiyo wakati wa ubeti arudi kituo cha daraja na apunguze toni kwenye ampu. Alipiga kibwagizo kimoja, akasimamisha nyuzi kwa kiganja, tukasikiliza kimya kile sote wawili.

Boti ilikuwa imeshamwacha, akalala kwa shangazi yake Kikwajuni. Kabla hajaondoka nilimpa vifuko vitatu vya chembechembe za kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye makasha ya viatu, avitie kwenye mkoba wa gitaa na kuvianika juani kila baada ya wiki mbili. Pikapu ya zamani niliifunga kwenye karatasi pamoja na springi na skurubu zake, juu nikaandika omu 6,100, mweupe sauti, mweusi ethi, mshale kulia, na tarehe. Akaitia kwenye mfuko wa ndani wa ule mkoba wa kanga na kuushona mdomo kwa uzi mweupe.